Mailo ya Nyuma, Mailo ya Mbele

Mtu aliyekulia Tunduma anajua kwamba Mzambia akikwambia "mailo", bado hujaambiwa kitu. Kwa Kibemba mailo ni jana, na mailo hiyohiyo ni kesho. Wenyewe wanaelewana kwa jinsi sentensi nzima inavyokaa, lakini sisi wa upande huu, tunaodokoa neno mojamoja mpakani na kulichomeka kwenye Kiswahili chetu, tumezoea kuuliza: "Mailo ipi, ya nyuma au ya mbele?" Muuza nyanya anauliza, wa bodaboda anauliza, wakala wa forodha anauliza kabla hajaandika chochote. Mimi nimeliuliza swali hilo tangu nikiwa natumwa dukani. Siku moja sikuliuliza, na nilijua kabisa kwamba siliulizi. Hiyo ndiyo habari yenyewe, na naona aibu hata kuianza.

Kwa zaidi ya miaka minane, kila Jumapili baada ya ibada na chakula cha mchana, watu wazima wanne tulikuwa tunakutana kwenye chumba cha cherehani nyuma ya soko tukicheza. Sisemi bao wala karata. Mmoja wetu alikuwa msimulizi, na kila mmoja wa wale watatu waliobaki alikuwa na mtu wake wa kubuni, anayemsemea na kumwamulia. Msimulizi anasema mmefika mtoni na daraja limekatika. Wewe unasema mtu wako anafanya nini, halafu mnarusha dadu kuona kama amevuka au ameloa. Mchezo hauna mwisho wala mshindi. Mke wangu alikuwa akiwaambia majirani nimekwenda mazoezi ya kwaya, maana hilo lilikuwa rahisi kulieleza.

Msimulizi alikuwa binamu yangu, mtoto wa mjomba, mwalimu wa sekondari kule Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Mchezo aliujulia chuoni, ndani kabisa ya Zambia, akavuka nao mpaka. Saa zao ziko nyuma ya zetu kwa saa moja, kwa hiyo kila Jumapili alifika akiapa kwamba amewahi, na sisi tumeshamaliza chai yake. Mchezaji mwingine alikuwa mzee wa Nanyala, dereva mstaafu wa malori, ambaye mtu wake alikuwa mwizi wa farasi. Mwizi huyo alikufa mara sita, na kila alipokufa mzee alituletea pacha wake. Mimi ni karani katika ofisi ya uwakala wa forodha. Kazi yangu ni kujaza fomu na kugonga mihuri, na nadhani hilo linaeleza mengi ya mbele.

Wa nne alikuwa mwenye chumba, fundi wa nguo, Mnamwanga wa Ndalambo. Amenipita kama miaka kumi, nami namwita dada. Dada ana kigugumizi tangu utotoni. Wateja wengi hawakuwahi kumsikia akisema zaidi ya maneno mawili, kwa sababu alizoea kuonyesha kwa kidole na kuandika vipimo kwa chaki. Mama yake alipofariki, walimpa kipaza sauti pale msibani aseme neno la kumuaga. Akakwama kwenye "mama". Alisimama akihangaika na neno hilo moja mpaka mchungaji alipokichukua kipaza sauti taratibu mkononi mwake na kutangaza wimbo.

Lakini kwenye mchezo dada alikuwa Mlinda Mizani, na Mlinda Mizani hakukwama.

Nchi yetu ya kubuni tuliiita Nchi ya Mizani. Ilianza kama utani wa mzee dereva, aliyekaa nusu ya maisha yake kwenye foleni za kupima malori. Katikati ya Nchi hiyo kuna njia nyembamba mlimani, na kwenye njia kuna mizani kubwa ya mawe. Kila msafiri anapanda juu yake na kusema anakokwenda na kwa nini. Haipimi mzigo wake, inapima maneno yake, na akidanganya inazama upande mmoja. Aliyesimama pale kuuliza na kuamua ni Mlinda Mizani. Dada alimchagua Jumapili ya pili tu, na tangu siku hiyo akifungua mdomo kumsemea, sauti ilishuka na maneno yakatoka yamenyooka, moja baada ya jingine. Hatukuwahi kulitaja jambo hilo. Tuliogopa tukilitaja litakatika.

Yote yaliyotokea katika Nchi ya Mizani binamu aliyaandika kwenye kaunta buku nene lenye jalada jekundu: wafalme, vita, mito, nani amemwoa nani, pacha wa ngapi wa mwizi wa farasi yuko hai. Ukurasa wa kwanza aliandika kwa herufi kubwa: KILICHOANDIKWA HUMU KIMETOKEA. Kama kuna ubishi, tulifungua daftari na ubishi ukaisha.

Sasa, siku moja mzee dereva alileta kitabu alichokiokota zamani kwenye kabini ya lori, kimechanika jalada, hakina hata jina. Kilikuwa cha Kiingereza na aya zake zote zina namba. Unasoma kidogo, halafu kitabu kinakuuliza: ukitaka kuingia pangoni nenda namba arobaini, ukitaka kukimbia nenda namba tisa. Unacheza peke yako na kitabu ndicho msimulizi. Nilikisoma chote, nikafa mara nyingi kuliko mwizi wa farasi, na nilipokirudisha nilikuwa nimeshaamua kwamba nitaandika vya kwetu, kwa Kiswahili, ndani ya Nchi ya Mizani.

Wenzangu walifurahi, ila binamu akaweka sharti. "Mufyala," akaniambia, ndivyo anavyoniita, kwa Kibemba maana yake binamu, "andika, lakini kisipingane na daftari. Humu ndani kuna miaka minane ya watu."

Shida ilijitokeza mapema. Kitabu cha namna hiyo kina miisho mingi. Msomaji mmoja anamwokoa mfalme, mwingine anamwacha azame, sasa katika Nchi mfalme yuko wapi? Tulibishana Jumapili mbili. Suluhisho nililitoa mimi, na nililionea fahari sana: kila kitabu kitakuwa na mwisho mmoja wenye muhuri. Huo ndio uliotokea kweli, mingine yote ni maneno ya vilabuni. Nilichonga muhuri wenyewe kwa wembe kwenye soli ya kandambili, mizani midogo ndani ya duara, na nilikuwa nikiugonga kwa wino wa zambarau, nakala moja baada ya nyingine. Watu wa mpakani tunaamini mihuri.

Kitabu cha kwanza nilikiweka zamani kabisa, kabla ya watu wetu wote, ili nisimkanyage mtu. Cha pili nilikipeleka kwenye kinamasi cha kona ya ramani ambako hatukuwahi kufika. Steshenari ya jirani na ofisi ilinitolea kopi na kubana pini, na vijitabu vikaanza kuzunguka mjini. Wa bodaboda walivisoma wakisubiri abiria. Mama mmoja wa kubadilisha fedha alinisimamisha barabarani kunilaumu kwamba amekufa kwenye kinamasi mara nne. Mimi, mtu wa fomu, nikaanza kutembea tofauti. Nasema ukweli, kichwa kilivimba.

Cha tatu nilitaka kiwe kikubwa. Nilikiweka wakati uleule wa mchezo wetu, palepale kwenye mizani, na niliazima daftari jekundu kwa binamu ili niende sawa. Kipindi hicho nilikuwa nimekosa Jumapili mbili kwa sababu ya msiba wa upande wa mke wangu huko Ileje, kwa hiyo kulikuwa na kurasa ambazo sikuwepo zikiandikwa. Nilisoma kwa makini. Mwishoni kabisa, pembeni mwa ukurasa, kwa mwandiko wa haraka, nikakuta maneno machache tu: "Mlinda Mizani. Kifo. Mailo." Kwenye daftari lile siku ni Jumapili tu, kwa hiyo mailo yake ni Jumapili iliyopita au Jumapili ijayo.

Mwisho mmoja wa kitabu changu nilikuwa nimeshauandika, namba mia na kumi na mbili. Humo mlima unabomoka, Mlinda Mizani anabaki kushikilia mizani kwa mikono yake ili wasafiri wavuke, na mawe yanamfunika. Niliuandika kama mwisho wa uongo, wa vilabuni, maana mtu wa dada si wangu kumuua. Lakini nilijua ndio ulikuwa mzuri kuliko yote. Nilipousoma mwenyewe nilitoa machozi, na mtu akilizwa na maandishi yake mwenyewe ujue kuna tatizo. Sasa daftari lilikuwa linaniambia kwamba huenda Mlinda Mizani ameshakufa, Jumapili ambayo sikuwepo. Au atakufa, Jumapili inayokuja.

Nilichukua simu. Nikamwandikia binamu: "Mailo ipi?" Nikabaki nayashikilia yale maneno mawili, kidole juu ya kitufe. Steshenari walikuwa wanaisubiri karatasi yangu, na nilikuwa nimewaahidi watu kwamba Jumamosi kitabu kitakuwa kimetoka. Akijibu "ya mbele", namba mia na kumi na mbili haipati muhuri, na kitabu changu kinaisha kwa mwisho wa kawaida, watu wanavuka na kwenda zao. Nikajiambia daftari limesema: kilichoandikwa humu kimetokea. Nikafuta ujumbe. Si kwamba niliutuma ukapotea, wala simu haikuishiwa chaji. Niliufuta, herufi moja moja, na kidole hiki.

Jumamosi vijitabu vikatoka. Niligonga muhuri kwenye namba mia na kumi na mbili ya kila nakala.

Ambalo sikulijua, na ningelijua kama ningeuliza, ni kwamba kifo kile aliyekiomba ni dada mwenyewe. Alimfuata binamu pembeni akamwandikia kwa chaki kwenye kitambaa: Mlinda Mizani amechoka, nataka nimuage mwenyewe. Binamu akampangia Jumapili yake. Mlima ungebomoka, na dada angechagua: Mlinda Mizani abaki afe akiwavusha wengine, au kwa mara ya kwanza ashuke kutoka kwenye mizani na kwenda kuitembea Nchi aliyoilinda miaka yote. Lolote ambalo angechagua, angelisema mwenyewe, mbele yetu, kwa sauti ile. Wiki mbili alikuwa akijizoeza maneno ya kuaga, huku mashine ya cherehani ikipiga kelele ili wa nje wasisikie. Hata gauni alijishonea la siku hiyo.

Ijumaa na Jumamosi dada hatoki, ni siku za kushona nguo za kanisani. Jumamosi ile jioni kabla jua halijazama, muuguzi mmoja, mteja wake, alipita kupunguziwa sketi. Alikuwa ametoka kukinunua kitabu changu, akakisoma palepale amekaa kwenye benchi akisubiri. Alipofika mwisho akafuta macho, akamwambia dada, "Jamani, dada, kumbe yule Mlinda Mizani anakufa." Akamwachia kitabu naye akisome. Muuguzi hakuwa na kosa. Hakujua kwamba Mlinda Mizani amekaa mbele yake ana pini mdomoni.

Jumapili tukakutana. Dada hakuvaa gauni jipya. Lilikuwa limening'inia kwenye msumari nyuma ya mlango, upindo haujashonwa, naye alikuwa na aproni yake ya kila siku. Mimi niliingia nikiwa na nakala mpya tatu za kuwagawia wenzangu. Nilitaka niziweke mezani kwa namna ya kushtukiza, nipongezwe.

Binamu hakunipa nafasi. Alisugua mikono, akavuta kiti, akaanza moja kwa moja, na zile "ba" na "mukwai" zake za heshima za Kibemba. "Ba fundi, leo ni siku yenu, mukwai. Mlima unatoa sauti. Wasafiri mia wako upande wa pili na mawe yameanza kudondoka. Mlinda Mizani amesimama juu ya mizani. Anafanya nini?"

Tukasubiri ile sauti.

Dada alifungua mdomo, na neno halikutoka. Shingo ikakaza. Mzee dereva akainamisha uso akizitazama dadu. Miaka minane sikuwahi kumsikia akikwama akiwa Mlinda Mizani, na sasa nilimsikia.

"Na-na-na," akasema. "Na-namba mi-mia na ku-kumi na mbi-mbili."

Akatoa kijitabu changu chini ya vitambaa, akakiweka mezani na kukisukuma kwa kidole kimoja mpaka kwa binamu.

Binamu alikifungua. Aliisoma aya yote, akaufikia muhuri wa zambarau, akaugusa kana kwamba bado una wino. "Mufyala, hiki nini?"

"Si uliandika," nikasema. Sauti yangu yenyewe niliichukia. "Pembeni. Mlinda Mizani, kifo, mailo."

"Mailo ya mbele! Leo! Nilijiandikia nisisahau."

"Mimi nilisoma ya nyuma. Sikuwepo Jumapili mbili."

Alinitazama, halafu mtu yule mwema akafanya jambo lililonimaliza. Alishika kichwa akasema, "Awe, hapana, kosa langu. Kwenye daftari la watu wa nchi mbili, neno lile si la kuandika. Ningeandika Jumapili ijayo. Ba fundi, mnisamehe, ni mimi."

Nikamwacha alibebe. Nilikuwa na nafasi ya kusema, "Hapana, nilijua, nilikuandikia nikafuta." Nikaangalia nakala zangu tatu.

Binamu akaanza kutafuta njia, na njia zilikuwepo. Katika Nchi ya kubuni hakuna kisichorekebishika. Tutagonga BATILI juu ya muhuri, akasema. Au tutasema kitabu kiliandikwa na mwongo mmoja wa ndani ya Nchi yenyewe, mlevi wa kilabuni aliyemwonea wivu Mlinda Mizani, na leo Mlinda anaenda kumkanusha. Mzee dereva akachangamka, akasema hata pacha anaweza kupatikana, yeye ana uzoefu. Yalikuwa mawazo mazuri. Ningeyasikia siku nyingine ningeyaandika.

Dada aliwasikiliza wote wawili mpaka wakamaliza. Halafu akanigeukia mimi.

"We-wewe," akasema, "si u-umezaliwa Tu-Tunduma?"

Nikasema ndiyo.

Akatikisa kichwa taratibu, kama anavyofanya mteja akisema kipimo na yeye anaona kwa macho kwamba si chenyewe. Akasimama, akatoa kifuniko cha cherehani na kuanza kushona. Tukaelewa kwamba Jumapili imeisha.

Nilizunguka mjini wiki nzima nikivikusanya vile vijitabu. Nilipata karibu vyote. Wa bodaboda mmoja alikataa kunirudishia chake, akasema ule mwisho ni mzuri mno, na nilikuwa na hasira naye kama vile yeye ndiye aliyeandika. Vilivyorudi nilivichoma nyuma ya nyumba, na soli ya kandambili nikaitupia humohumo, ikatoa moshi mbaya hadi jirani akalalamika. Nilimwambia mke wangu nachoma fomu za zamani za ofisini.

Tulijaribu kuendelea nyumbani kwa mzee, Nanyala, watu watatu. Haikushika. Binamu alikuwa akifika kwenye zile njia za mlimani anatupitisha haraka haraka, hakuna anayetuuliza tunakokwenda. Siku moja aliacha kuja, na hakuna aliyempigia kumuuliza. Daftari jekundu liko kwake. Nasikia baada ya ukurasa ule wa mwisho hajaandika chochote tena.

Ukweli wa ule ujumbe nilimwambia binamu baada ya muda mrefu, kwenye simu. Akasema sawa mukwai, akaniuliza habari za watoto. Dada sikumwambia. Mara nyingi nilipita mbele ya chumba chake nikiwa nimejiandaa, nikasikia cherehani, nikapitiliza. Nilianza kupeleka nguo zangu kwa fundi mwingine wa barabara ya Sumbawanga, anayeshona vibaya.

Mwezi uliopita suruali ya ofisini ilichanika nikiwa kazini, na mahali pa karibu ni pale kwake. Nikaingia. Gauni lile lilikuwa bado kwenye msumari nyuma ya mlango, na upindo wake bado haujashonwa. Dada alinipokea kama mteja yeyote, akaonyesha kwa kidole niiweke wapi, akaikagua, akaweka alama ya chaki. Tulikuwa wawili tu. Maneno yote niliyokuwa nimejiandaa nayo miezi yote ile yakawa kooni, na nikaona jinsi linavyokuwa neno likigoma kutoka.

Nikauliza lililo jepesi. "Dada, nije kuichukua lini?"

Hakuinua macho kwenye kitambaa. "Mailo," akasema.

Yeye si mtu wa Kibemba. Sijawahi kumsikia akilitumia neno hilo kwa mteja.

"Mailo ipi, dada?" nikauliza. "Ya nyuma au ya mbele?"

Alikata uzi kwa meno. Halafu akanitazama, na sauti ikashuka, ile niliyodhani sitaisikia tena, maneno yamenyooka moja baada ya jingine.

"Leo ndo unauliza," akasema.